Mimea ya ua wa pwani inapokauka: soma jani kabla ya kulaumu chumvi

Anayepanda karibu na bahari huwa na jibu moja kwa kila ugonjwa: "Ni chumvi hiyo." Mara nyingi kweli ni chumvi, lakini jibu hilo halimfikishi popote, kwa sababu chumvi huingia uani kwa milango mitatu. Ipo inayobebwa na upepo ikatua majanini. Ipo inayokuja na maji unayomwagilia wewe mwenyewe. Na ipo iliyomo ardhini, ama inapanda kutoka chini, ama iliachwa na maji ya bahari yaliyofurika. Kila mlango una namna yake ya kufungwa, na anayefunga usio wenyewe atang'oa na kupanda upya kila msimu bila nafuu. Tena yapo maradhi ya mchanga wa pwani yanayofanana na chumvi kama pacha, ilhali chumvi haihusiki hata chembe.

Basi kabla ya kushika jembe, uzunguke mmea. Tazama umeungua upande gani, yameungua majani yapi (ya zamani kule chini au machanga kileleni), na jani lenyewe limeharibika wapi (ncha, kingo, au katikati ya mishipa). Majibu hayo matatu yatakupeleka kwenye kichwa kimojawapo hapa chini.

Upande wa baharini umeungua, upande wa pili mzima

Hii ndiyo dalili nyepesi kuisoma. Majani ya joshini, yaani upande upepo unakotoka, yamekuwa ya kahawia kana kwamba yamepitishwa kwenye moto, na vichipukizi vimekufa. Ya demani, upande uliojificha, yanang'aa kijani. Chumvi iliyomo ardhini haiwezi kuchagua upande namna hiyo, kwa hiyo hii imekuja na hewa.

Mawimbi yakipasuka, mapovu yake hurusha matone madogo sana. Upepo huyabeba, maji hukauka njiani au juu ya jani, na chumvi hubaki. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, hivyo hata ukungu mwembamba unaacha kitu. Chumvi hiyo hupenya kwenye jani kupitia mikwaruzo midogo ambayo upepo wenyewe umeifanya, majani yakisuguana na mchanga ukiyapiga. Ndiyo maana upepo na chumvi vikija pamoja huumiza kuliko kila kimoja kikija peke yake. Ukiona majani yamechanika na kufumuka lakini hayakuungua, huo ni upepo mtupu.

Tiba ya haraka ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi: baada ya dhoruba suuza majani kwa mpira, ikiwezekana siku hiyo hiyo, kabla jua halijayakausha. Maji yawe matupu, yasiwe ya kufulia wala ya kuoshea vyombo. Sabuni hulainisha nta inayolinda jani na kuirahisishia chumvi kupita. Katika karne iliyopita misonobari ya Norfolk (Araucaria heterophylla), mti unaosifika kwa kuvumilia upepo wa bahari, ilidhoofika kwenye fukwe za Sydney nchini Australia. Sababu iliyoonekana ni kemikali za sabuni katika maji taka yaliyomwagwa baharini, zilizorudi nchi kavu pamoja na rasharasha ya mawimbi.

Tiba ya kudumu ni kuvunja upepo, na hapa ndipo watu wengi huharibu kwa nia njema: wanajenga ukuta. Upepo ukikuta ukuta mzima hupanda juu yake kisha huanguka nyuma kwa kishindo, ukizunguka palepale ulipopanda maua yako. Kizuizi kizuri ni kile kinachovuja, chenye uwazi wa kama asilimia 40 hadi 50: safu ya vichaka, uzio wa fito, au wavu. Kivuli chake cha upepo hufika umbali wa kama mara 10 ya kimo chake, na pana utulivu zaidi kwenye nusu ya kwanza ya umbali huo. Kichaka cha mita 2 kinakulindia kama mita 20, na zile 10 za mwanzo ndizo za kuwekea mimea unayoionea huruma.

Safu hiyo ya mbele ni ya mimea migumu tu. Katika nchi za joto kuna mkadi, mnazi, mkungu, mtondoo (Calophyllum inophyllum) na zabibu-bahari (Coccoloba uvifera). Chini yake, mchangani, hutambaa Ipomoea pes-caprae, ule mtambaa wenye maua ya zambarau na majani yaliyogawanyika kama ukwato wa mbuzi, ambalo ndilo neno lililomo katika jina lake la Kilatini. Penye majira makavu ya kiangazi na mvua za baridi, kama pwani za Mediterania, ni zamu ya Tamarix, Atriplex halimus na Pittosporum tobira. Kwenye baridi kali kuna Hippophae rhamnoides. Utaziona alama zile zile kwa wote: jani lenye nta, au lenye manyoya ya kijivu, au nene lenye maji ndani, au jembamba kama sindano.

Onyo moja kabla ya kununua. Sifa inayomwezesha mmea kuishi penye chumvi ndiyo hiyo hiyo inayoufanya uvamie fukwe za wengine. Mvinje (Casuarina equisetifolia) umekuwa kero Florida na Hawaii. Rosa rugosa imejaa kwenye vilima vya mchanga vya Ulaya Kaskazini, na Carpobrotus edulis imefunika pwani za California. Ulizia kwanza mmea wa asili ya pwani yako mwenyewe. Kisha uliza swali la pili: mmea huo unavumilia chumvi ya hewani au ya ardhini? Muuzaji wa miche atakuambia "unastahimili chumvi" na kuishia hapo. Lakini kustahimili rasharasha ni kazi ya ngozi ya jani, na kustahimili chumvi ya udongoni ni kazi ya mizizi. Mmea unaweza kuwa hodari wa moja na dhaifu wa nyingine.

Jambo la mwisho kuhusu joshini: yale matawi makavu ya mbele usiyakate haraka. Hayapendezi, najua, ila ndiyo ngao ya yale ya nyuma. Ukiyaondoa, safu inayofuata itaungua, nawe utarudi na mkasi mpaka kichaka kiishe. Kiache kilale kama upepo unavyokilaza.

Ncha na kingo za majani zimekauka, mmea mzima, kuanzia majani ya zamani

Pande zote zimeathirika sawasawa. Majani ya chini yameanza kukauka nchani, ukavu ukafuata kingo kuingia ndani. Pengine juu ya udongo kuna unga mweupe. Hii ni chumvi iliyopanda kwa mizizi. Maji hutoka kwenye jani kama mvuke lakini chumvi haiwezi kuruka, hivyo hujilimbikiza pale safari ya maji inapoishia, yaani ncha na kingo. Jani la zamani limepokea mzigo kwa muda mrefu kuliko changa.

Hapa usikisie, pima. Kipimo cha EC, kile kijiti chenye betri kinachosoma jinsi maji yanavyopitisha umeme, si kitu cha anasa kwa mwenye ua wa pwani. Anza na maji ya kumwagilia. Yakisoma chini ya 0.7 dS/m (desisimens kwa mita, kizio cha kipimo hicho), hayana neno. Kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalifu na uchaguzi wa mimea. Yakizidi 3 ni ya mimea migumu peke yake. Kisha pima udongo: kikombe 1 cha udongo mkavu ndani ya vikombe 5 vya maji ya mvua, tikisa vizuri, acha utuame, pima maji ya juu. Tarakimu utakayopata izidishe kwa kama 14 ikiwa udongo ni wa kichanga wenye tifutifu kidogo, au kama 7 ikiwa ni mfinyanzi, kwa sababu vikombe 5 vimeizimua chumvi kuliko ilivyo kwenye mizizi. Jibu likifika 4 dS/m, udongo huo huhesabiwa kuwa wa chumvi. Kwa kulinganisha tu: maharage na stroberi huanza kulalamika kwenye 1, nyasi za Bermuda huvumilia mpaka karibu na 7. Kwa hiyo "udongo wa chumvi" si hukumu ya kifo. Ni orodha tu ya nani akae na nani aondoke.

Chumvi ikiwa imetoka kisimani, elewa kisima chako. Karibu na bahari, maji baridi ya ardhini huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi kidogo. Kanuni iliyopewa majina ya Ghyben na Herzberg, waliyoifikia kila mmoja kwa njia yake mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzo wa 20, inasema kwa kila mita 1 ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Sasa igeuze hesabu hiyo: ukivuta maji mpaka yashuke mita 1, chumvi ya chini inatafuta kupanda mita 40. Pampu kubwa inayokimbia mchana kutwa ndiyo inayoita bahari kisimani. Vuta kidogo kidogo, upumzishe kisima, pima EC mwishoni mwa kiangazi wala si baada ya mvua kubwa, na kusanya maji ya paa kwa ajili ya mimea dhaifu.

Chumvi iliyokwisha kuingia udongoni haiuliwi na dawa yoyote. Husukumwa chini kwa maji, basi. Kwa kina cha sentimita 30 za udongo, kina cha maji cha sentimita 15, yaani lita 150 kwa kila mita ya mraba, huondoa kama nusu ya chumvi. Ukimimina mara mbili ya hapo huondoka kama asilimia 80. Mimina polepole, kwa awamu, na uhakikishe maji yana pa kwendea. Chini pakiwa pameziba unaloweka tu.

Kumwagilia kidogo kidogo kila jioni ndiyo tabia mbaya kuliko zote. Maji hulowesha vidole vitatu vya juu, jua huyavuta, chumvi hubaki pale pale. Mwagilia kwa nadra lakini kwa kina. Hata hivyo, kama maji yako yenyewe ni ya chumvichumvi, usingoje udongo ukauke kabisa ndipo urudie: unyevu ukipungua nusu, ukali wa chumvi kwenye ule uliobaki huongezeka maradufu. Funika udongo kwa matandazo ili jua lisivute maji juu. Majani yasiguswe na maji hayo, hasa mchana, la sivyo umejitengenezea rasharasha ya bahari kwa mkono wako.

Wenye umwagiliaji wa matone wana mtego wao. Matone husukuma chumvi pembezoni mwa duara lililolowa, ikakaa pale kama pete. Hakuna ubaya, mpaka manyunyu ya kwanza yashuke na kuirudisha pete hiyo katikati, kwenye mizizi. Mmea unaungua siku ya mvua, na mwenyewe anabaki ameduwaa. Kwa hiyo manyunyu yakianza, fungulia matone yako, usiyafunge. Yafunge mvua ikishakuwa ya kweli. Jirani atakucheka ukimwagilia mvua ikinyesha. Mwache acheke.

Usisahau mfuko wa mbolea. Mbolea za dukani nazo ni chumvi, na kloridi ya potasiamu ni kali zaidi kuliko salfeti ya potasiamu. Samadi mbichi pia ina chumvi yake. Mmea uliokwisha kuungua ukiulisha kwa huruma unaumalizia.

Udongo umelowa, lakini mmea unanyauka

Kuna mambo mawili hapa, na tofauti iko mizizini. Fukua pembeni, utoe mzizi mmoja mwembamba. Ukiwa mweupe na mgumu, mmea una kiu penye maji: chumvi imeyashikilia maji kiasi kwamba mzizi hauna nguvu ya kuyavuta. Rudi kwenye kuosha udongo. Mzizi ukiwa mweusi, laini na wenye harufu ya kuoza, tatizo ni kukosa hewa, na kila ndoo unayoongeza inazidisha.

Kwenye ua ulio chini, mizizi huzamishwa kutokea chini bila wewe kuona. Chimba shimo la sentimita 60, ulitazame bahari ikiwa imejaa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Maji yakitokea shimoni, usibishane nayo: inua matuta, au panda vile vinavyoishi kinamasini.

Penye mfinyanzi, sodiamu huvunja chembe za udongo zikajipanga kama saruji, maji yakasimama juu na uso ukapasuka vipande. Hapo jasi husaidia, kwani kalsiamu yake huchukua nafasi ya sodiamu, mradi uoshe kwa maji baada ya kuiweka. Kwenye mchanga wa matumbawe, uliojaa kalsiamu tangu asili, kununua jasi ni kutupa pesa.

Majani ni ya njano

Njano ni nadra kuwa kazi ya chumvi, na hapa ndipo tunapoosha udongo usio na kosa. Mwagia siki kidogo kwenye udongo mkavu. Ukitoa povu, una chokaa, kama ilivyo kwenye mchanga mwingi uliotokana na matumbawe na makombe. Penye chokaa nyingi, chuma na manganizi vimo udongoni lakini mmea hauwezi kuvinywa.

Majani machanga yakiwa ya njano na mishipa yake imebaki kijani, ni upungufu wa chuma. Chuma cha kawaida hakitafaa. Tafuta kile kilichofungwa kwa EDDHA, kemikali inayokishikilia chuma ili mmea uweze kukinywa, kwani kilichofungwa kwa nyingine iitwayo EDTA hupoteza nguvu udongo ukiwa na pH ya juu, yaani usio na uchachu. Salfa ya kushusha pH nayo humezwa na chokaa bila matokeo ya maana. Binafsi ningebadilisha mmea kuliko kuununulia dawa maisha yake yote.

Jamii ya minazi na mitende huchanganya watu zaidi. Kuti jipya likitoka fupi, limejikunja na kukauka kama lililobabuliwa, kila mtu atasema upepo wa bahari, kumbe ni upungufu wa manganizi. Ukichelewa, kilele hufa na mti mzima hufa nacho, kwa kuwa hauna kilele kingine. Weka salfeti ya manganizi. Makuti ya chini yakiwa na madoadoa ya njano au machungwa na ncha zilizochakaa, ni potasiamu, ambayo huchujwa upesi mchangani. Usiyakate makuti hayo wakati unaiongeza. Mti unavuta potasiamu kutoka kwa yale ya zamani kulisha mapya, ukiyapunguza utahamishia njaa juu.

Maji yanateleza juu ya mchanga bila kuingia

Umemwagilia dakika ishirini, ukikwangua kwa kidole chini ni vumbi. Mchanga uliokauka muda mrefu hupakwa nta na mabaki ya mimea iliyooza, ukakataa maji. Ulowanishe kwa awamu fupi fupi, uchanganye mboji, na usiuache ukauke tena.

Maji ya bahari yamefurika uani

Maji yakishuka, ondoa tope lililozunguka mashina. Kisha suuza majani, na mimina maji baridi ardhini kwa kiwango kile cha lita 150 kwa mita ya mraba, mara tu yanapopatikana na ardhi inapoyapitisha. Usilime mfinyanzi ungali umelowa, na mbolea ikae stoo.

Majani yatapukutika ndani ya siku chache, na mtu atakushauri ukate mti. Kwangua gome la kitawi kwa ukucha. Chini pakiwa kijani, mti uko hai, usubirie miezi. Kwa mnazi au mtende, vuta taratibu kuti changa la katikati ambalo halijafunguka. Likichomoka mkononi na kitako kilichooza, kilele kimekwenda.

Mmea "wa pwani" umekufa mwaka wa kwanza

Chumvi huvumiliwa na mmea uliojishika, si mche uliotoka jana kwenye kitalu chenye kivuli. Mche ule una jani laini na mizizi iliyojizungusha mfukoni. Uweke wiki mbili demani mwa nyumba au kichaka, ukiuzoeza jua na upepo kidogo kidogo, ndipo uupande, mwanzoni mwa mvua. Chagua mdogo. Mkubwa hukamata upepo kama tanga, hutikiswa usiku kucha, na vizizi vipya hukatika kabla havijashika. Ukiuegemeza kwenye mti wa kushikilia, ufunge chini, usawa wa theluthi ya kimo, ili shina liyumbe juu na kukaza. Umwagilie maji baridi mwaka mzima wa kwanza, hata kama ni mkadi, na wavu wa kuvunja upepo uondoe pale tu utakapovuta shina kwa mkono na ardhi isisogee.